CD huumia zaidi upande wa lebo

Moshi na Arusha bado zipo nyumba nyingi ambazo video ya harusi iko kwenye DVD moja tu, na nyimbo za kwaya ya usharika ziko kwenye CD ambayo haiuzwi tena. Wenyewe wanazitunza kwa upendo. Tatizo ni dhana walizozishika.

"Nyimbo ziko upande unaong'aa." Sivyo. CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu wote ni polikaboneti, plastiki angavu ambayo leza hupenya. Vishimo vyenye muziki viko juu, chini ya lebo, vimefunikwa kwa alumini isiyofika hata mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), kisha vanishi ya mikroni chache. Mkwaruzo wa chini mara nyingi husuguliwa ukaisha. Ukikwaruza juu, au ukibandua stika iliyokwisha kushika, alumini inaondoka na wimbo wake, na hakuna fundi wa kuurudisha.

"Vanishi hiyo hukaushwa kwa joto." Hapa ndipo wagunduzi wamefanya kazi ninayoiheshimu sana. Haikauki kama rangi ya mlango. Ni akrilati, malighafi ya plastiki, ya majimaji yenye kemikali kidogo ambayo, ikipigwa na mwanga wa urujuanimno (UV), huvunjika na kuanza kuunganisha molekuli. Sekunde chache tu, tabaka limekuwa gumu. Ugumu wa kazi ni kwamba akrilati husinyaa inapoganda: ikizidi, diski inapinda. Tena lazima ishike alumini bila kuila.

DVD ni mtihani mwingine: ni diski mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa, data ikiwa katikati. Mwanga hufika kwenye gundi baada ya kupita plastiki na utando wa chuma, kwa hiyo gundi lazima igande kwa mwanga kidogo unaopenya. Mafundi simu wanaobandika vioo kwa gundi na taa ya zambarau wanatumia kemia ya aina hiyohiyo.

"Basi jua litaiimarisha." Hapana! Ilishaganda kiwandani. Joto la dirishani au la ndani ya gari hupinda plastiki, na diski za kuchoma, yaani zinazorekodiwa kwa kompyuta badala ya kuchapwa kiwandani, ambazo ndizo nyingi za harusi, huhifadhi data kwenye rangi inayofifia kwa mwanga. Shika diski kwenye kingo, isimamishe ndani ya kasha lake, usiiandikie kwa kalamu ya wino wa kawaida yenye ncha ngumu. Ile ya harusi ihamishie kwenye flashi wiki hii.