Je, Wajua Kwa Nini Mashine ya Kuchonga Milango Hukosea Bila Kujijua?

Ubao wa mvule ulikuwa umekwisha kuchongwa. Waridi la katikati lilitoka safi, lakini mnyororo wa pembeni, kama ule unaozunguka fremu za milango ya Mji wa Kale, haukukutana na mwanzo wake. Pengo la milimita 2. Skrini ilionyesha kila kitu kiko sawa. Fundi kijana wa Majengo aliyenionyesha ubao ule aliniuliza: inakuwaje mashine ikosee, kisha isijue?

Haijui kwa sababu haioni. Mashine nyingi ndogo za CNC, yaani zinazochonga kwa kuongozwa na kompyuta, huendeshwa na mota za stepa, zinazozunguka kwa hatua ndogondogo. Stepa ya kawaida hukamilisha mzunguko kwa hatua 200, kila hatua digrii 1.8. Kompyuta hutuma mapigo ya umeme, mota hupiga hatua, basi. Hakuna jibu linalorudi. Mfikirie mtu aliyefumba macho akihesabu hatua kutoka kwake hadi msikitini kupitia vichochoro. Mkokoteni ukimsukuma kando, yeye huendelea kuhesabu. Ikitimia mia tatu hukata kushoto, mlango uwepo usiwepo.

Mkokoteni wa mashine huwa ni nini? Mara nyingi ni haraka. Nguvu ya stepa hupungua kadiri kasi inavyopanda, hivyo ukiiambia iondoke kwa ghafla huku imebeba spindeli nzito, ile mota inayozungusha kisu cha kuchongea, inazidiwa. Huku kwetu pwani ongeza unyevu na chumvi ya bahari: vumbi la mbao hugandamana kwenye reli na kwenye skrubu ambayo mota huizungusha ili kusogeza mashine, kutu huingia, na mota iliyotosha mwezi uliopita leo haitoshi.

Sasa jambo ambalo natamani kila fundi alijue: ukubwa wa kosa hukuambia chanzo chake. Rota, sehemu inayozunguka ndani ya mota, ya stepa ya hatua 200 ina meno 50. Ikizidiwa haipotezi hatua mojamoja. Huteleza mpaka sumaku zipatane tena, yaani hatua 4 kwa mkupuo, au 8, au 12. Kwa skrubu inayosogeza milimita 5 kwa mzunguko, hatua 4 ni milimita 0.1. Basi weka geji ya mshale, kipimo cha masogeo madogo, kwenye sifuri, endesha kazi, urudi sifuri ukitokea upande uleule ili ulegevu wa skrubu usikudanganye. Ukisoma 0.1, 0.3 au 2.0 kamili, shuku mota kuzidiwa. Ukisoma 0.07 au 0.16, acha mota kwanza. Kagua kaplingi iliyolegea, yaani kiungo cha mota na skrubu, au waya wa mapigo uliolazwa pamoja na waya wa spindeli ukaokota kelele za umeme. Rudia jaribio hewani, bila mbao: kosa likitoweka, mzigo wa kukata ndio uliozidi.

Tiba hufuata chanzo. Mota iliyozidiwa ipunguzie mchapuko, yaani wepesi wa kuongeza mwendo, kabla ya kasi yenyewe, safisha na kupaka mafuta, kisha hakikisha draiva, kifaa kinachoipa mota umeme, inatoa ampea zilizoandikwa kwenye mota. Volti za juu zaidi, ndani ya kiwango cha draiva, husaidia kwenye mwendo wa kasi.

Wenye uwezo hununua stepa yenye enkoda mgongoni, yaani kihisi kinachopima mota imezunguka kiasi gani. Draiva hulinganisha hatua iliyoagizwa na iliyopigwa, ikasahihisha papo hapo, na pengo likizidi kipimo hutoa alamu. Waya huo wa alamu uunganishwe na kompyuta! Nimeona umeachwa ukining'inia, mota imesimama na kompyuta inaendelea kuchonga hewa. Na enkoda ya mota haioni kaplingi inayoteleza mbele yake.

Yule kijana alisoma 2.0 kwenye geji. Ubao hatukuutoa mezani. Tuliirudisha mashine kwenye swichi zake za mwanzo, zinazoionyesha pa kuanzia kuhesabu, na kwa kuwa sifuri ya kazi, yaani pale uchongaji unapoanzia kupimwa, ilikuwa imehifadhiwa kwa kupimwa kutoka swichi zilezile, ilirejea palepale. Tukapunguza mchapuko kwa nusu, akauchonga upya mnyororo ule kwa kina kidogo zaidi, ukafunga.