Je, wajua kwa nini CT scan ikiona uvimbe kwenye figo haisemi moja kwa moja kama ni kansa?

Inatokea sana hapa Dar: mtu anaenda kupimwa tumbo, kwenye utrasaundi wanaona kitu kwenye figo, anatumwa CT scan Muhimbili au kwingine, majibu yanarudi "uvimbe wa sentimita 3 figo ya kushoto" na hapohapo nyumba nzima inaanza kulia. Wengi wanaamini ile mashine imeiona kansa yenyewe. Hapana jamani, haijaiona, na hili tulielewe vizuri maana watu wanateseka sana kwa hofu: vivimbe vidogo vya figo, vya chini ya sentimita 4, vikikatwa na kupelekwa maabara, takribani 1 kati ya 5 vinakutwa siyo kansa kabisa.

CT scan inachopima ni jinsi kila sehemu ya mwili inavyozuia eksirei, basi. Inatoa namba, zimepewa jina la Godfrey Hounsfield, yule mhandisi Mwingereza aliyepata Nobel mwaka 1979 kwa kazi hii. Maji ni 0, hewa ni -1000, mafuta yako kwenye -100 hivi. Daktari wa mionzi anachora kaduara kadogo juu ya uvimbe kwenye skrini na kusoma namba. Akikuta mfano -60 hayo ni mafuta, na uvimbe wa figo wenye mafuta ya kuonekana wazi karibu kila mara ni angiomayolipoma, ambayo siyo kansa (ingawa ikiwa kubwa inaweza kuvuja damu). Akikuta namba ya maji na ukuta mwembamba, ni mfuko wa maji tu, watu wazima wengi wanao.

Kazi ipo kwa uvimbe mgumu usio na mafuta. Ukichomwa dawa ya kontrasti, kansa ya figo iliyo ya kawaida zaidi inang'aa sana kwa sababu ina damu nyingi, ila kuna uvimbe unaitwa onkositoma, siyo kansa, nao unang'aa vilevile. Wakati mwingine una kovu katikati, lakini kansa nayo inaweza kuwa nalo. Kusema tusubiri tuone kama utakua nako hakutoi jibu, maana onkositoma nayo inakua taratibu, milimita chache kwa mwaka, kama kansa nyingi ndogo.

Sasa hapa ndo pananifurahisha mimi. Chukua nyumba mbili Sinza, geti moja, bati moja, ukizitazama kwa nje hutaziachanisha, lakini moja ina mashine ya kusaga ndani. Angalia LUKU zao, ile yenye mashine uniti zinayeyuka. Onkositoma ndo nyumba ya mashine: seli zake zimejaa mitokondria, zile sehemu zinazozalisha nguvu ya seli, zimebanana kweli kweli. Mitokondria kwa ndani ina chaji hasi, kwa hiyo kuna dawa yenye mionzi kidogo, teknishiamu sestamibi, iliyozoeleka kupima moyo, yenyewe ina chaji chanya na inavutwa kuingia humo. Kamera ikipita, onkositoma inawaka, na kansa nyingi za figo zinabaki giza. Nyingi, siyo zote, kwa sababu kuna aina ya kansa iitwayo kromofobu, huwa ya upole kidogo, ambayo mara nyingine nayo inawaka.

Kile kipimo cha PET cha sukari yenye mionzi kinachosifiwa kwa kansa nyingine, kwenye figo kinahangaika, kwa sababu sukari ile inatoka kwa mkojo kwa hiyo figo yenyewe inawaka. Kuna kingine kipya kinachotumia kingamwili iitwayo girentuximab, yenyewe inanasa kwenye protini iliyojaa juu ya ile kansa ya kawaida zaidi, na kwenye utafiti mkubwa iliitambua kwa asilimia 86 hivi.

Vikishindikana vyote kuna biopsi, sindano inachota kipande, japo hata chini ya hadubini onkositoma na kromofobu zinafanana sana, ndo maana, na kwa kuwa vivimbe vidogo vingi vinakua taratibu, kwa mzee mwenye uvimbe mdogo madaktari wengi wanaona bora kuufuatilia kwa kurudia picha kila baada ya miezi kadhaa, hata kama picha hizo hazitasema ni kansa au la, kuliko kukimbilia kisu.