Klabu ya fedha chuoni hukulia bwenini

Bumu, yaani pesa ya mkopo ya mwanafunzi kujikimu, likitoka, Tabora mjini kote kunajulikana. Foleni kwa wakala inafika barabarani, na muuza chipsi wa getini anawasha majiko mawili. Wiki tatu baadaye wanafunzi walewale wananigongea mlango wa ofisi ya ushauri, wanaomba nauli ya kwenda fildi, kwenye mafunzo kwa vitendo.

Tulizoea kujibu kwa semina. Afisa wa benki anazungumzia bajeti saa mbili, watu wanapiga makofi, wanakunywa soda, wanaondoka. Semina zile hazikubadilisha kitu. Kilichobadilisha ni wanafunzi wachache wa mwaka wa pili walioketi bwenini na kauntabuku moja, wakawa klabu ya fedha.

Kila jioni waliandika matumizi ya siku: wali maharage 1,500, bando 1,000, boda 1,000, chipsi mayai 2,500. Jumla 6,000. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku 60 hiyo ni 600,000, na ikiingia kwa mpigo inaonekana utajiri. Toa kodi ya chumba, gawa kwa siku, ndipo chipsi mayai inapoanza kuuma.

Kuna jambo mwanafunzi hatamwambia mkufunzi, ila atamwambia mwenzake wa kitanda cha juu: mikopo ya kausha damu kwenye simu. Chukua mfano. Unaomba 50,000, unapokea 38,000, na siku ya saba unadaiwa 50,000 kamili, huku mama yako na shangazi zako wakipigiwa simu za vitisho. Wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 38,000 hiyo ni 1,330 tu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Bandikeni orodha hiyo kwenye mlango wa kila bweni.

Mkitaka klabu ikue, msikimbilie kuandikisha mamia. Ongezeni vikundi: watu wanane hadi kumi kwa bweni, na kimoja kwa waliopanga mageto mtaani. Klabu nyingi hufa viongozi wakihitimu, maana daftari na kundi la WhatsApp huondoka nao. Chagueni warithi mapema, wakae muhula mzima pembeni ya wanaowaachia, wakiendesha vikao wenyewe.

Na pesa ya kuchangishana? Hapa nawasihi msiwe na haraka. Mkianza kuweka na kukopeshana mmekuwa kikundi cha huduma ndogo za fedha, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka msajiliwe. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Hadi hapo, sanduku la michango lisubiri. Kauntabuku peke yake ina kazi ya kutosha kwa mwaka wa kwanza.