Kwa nini rekodi ya Sam Crawford haijavunjwa tangu 1917?

Je, wajua kwamba besiboli ya Marekani ina rekodi ambayo hakuna mchezaji wa karne hii aliyefikia hata nusu yake? Mwenyewe ni Sam Crawford, aliyelinda upande wa nje wa uwanja, kwanza katika timu ya Cincinnati Reds kisha Detroit Tigers, kuanzia 1899 hadi 1917. Mara 309 alipiga mpira na kufika kituo cha tatu kwa pigo hilo hilo moja.

Aliyecheza raundas shuleni anaujua ugumu wake. Kutoka kituo hadi kituo ni kama mita 27, kwa hiyo unakimbia zaidi ya mita 80 huku walinzi wakiufukuzia mpira. Lazima mpira uende mbali sana, lakini ubaki ndani ya uwanja. Mpira ukivuka ukuta, unamaliza mzunguko wote bila haraka na pigo linahesabiwa kwingine.

Wengi hudhani siri ilikuwa mbio. Mimi naona ni nguvu iliyokosa pa kutokea. Crawford, kijana wa Wahoo, Nebraska, aliyejifunza kwanza kazi ya kinyozi, alikuwa na mwili mkubwa kwa enzi zile na alipiga kwa mkono wa kushoto. Lakini mpira wenyewe ulikuwa mzito kuruka. Mmoja ulitumika kwa muda mrefu hadi ukalainika, ukajaa tope na mate ya tumbaku, maana warushaji waliruhusiwa kuupaka mate. Viwanja navyo vilikuwa mapori: pale Huntington Avenue, Boston, ukuta wa katikati ulikuwa zaidi ya mita 150 kutoka kwa mpigaji, wakati leo kawaida ni kama 120. Pigo ambalo leo lingetua kwa watazamaji, zamani liliangukia nyuma ya walinzi na kubingirika, na Crawford akaendelea kukimbia.

Si kwamba enzi ilimbeba tu. Wote walipiga mpira ule ule, na aliyemkaribia zaidi ni Ty Cobb, mwenzake wa Detroit, mwenye 295. Tena Crawford aliongoza ligi zote mbili kuu kwa mapigo ya kuzunguka vituo vyote vinne: 16 mwaka 1901 na 7 mwaka 1908. Ndiyo, saba tu, na hakuna aliyemzidi katika ligi yake!

Miaka mitatu baada ya yeye kuondoka, mambo yaligeuka. Mwaka 1920 kupaka mpira mate kulipigwa marufuku. Agosti mwaka huo Ray Chapman, mchezaji wa timu ya Cleveland, alipigwa kichwani na mpira akafariki, na tangu hapo mipira michafu ikawa inabadilishwa upesi. Msimu huo huo mpigaji Babe Ruth alizunguka vituo vyote mara 54, na wapigaji wakaanza kuulenga ukuta.