Mzee akiruhusiwa hospitali na kumbukumbu zimepotea: msimzungushe, zungukeni nyie

Jamani naomba tuongee kuhusu wazee wenye ugonjwa wa kusahau, wale ambao siku daktari anasema ameruhusiwa ndo familia inaanza kuulizana sasa tunampeleka wapi. Mimi ni muuguzi, nahudumia wazee wodini hapa Dar, na kuna kitu kinajirudia mno. Watoto wanakaa kikao, wanakubaliana mama atakaa mwezi mmoja kwa kaka mkubwa Kimara, mwezi unaofuata kwa dada Mbagala, alafu apelekwe kijijini kwa mdogo wao, na kila mtu anaondoka roho nyeupe kwamba wamegawana vizuri. Nia ni njema kabisa ila kwa mgonjwa wa demensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, huo mpango unamuumiza, na wengi tunawaona tena wodini muda si mrefu.

Sababu iko hivi. Ugonjwa huu, hasa ule wa Alzheimer ambao ndo mwingi kuliko aina zingine zote, unaanza kula kumbukumbu mpya, yale ya jana na ya leo asubuhi, lakini mazoea ya mwili yanabaki muda mrefu zaidi. Bibi aliyekaa Tandika miaka thelathini anaweza asikumbuke kama amekula, ila usiku akibanwa mkojo miguu inajua yenyewe, unatoka mlango wa nyuma, unashika ukuta, choo kiko kulia. Mhamishe Kimara kwenye nyumba nzuri ya tailizi, saa nane usiku kaamka anatafuta ule ukuta haupo, anafungua kabati anafikiri ni mlango, anakojoa pale pale, asubuhi watu wanasema mama kazidiwa. Hajazidiwa, kapotea ndani ya nyumba. Akianza kuzoea tu mwezi umeisha, gari linakuja kumchukua kwenda Mbagala anaanza upya, na uwezo wa kujifunza upya ndo ule ule ambao ugonjwa umeuchukua.

Kwa iyo mchagulieni sehemu moja akae hapo. Kama nyumba yake mwenyewe inakalika na kuna mtu wa kulala nae, hiyo ndo ya kwanza kuifikiria. Wanaozunguka wawe walezi, wewe njoo na begi lako wiki hii, mwenzio aje wiki ijayo, na yule wa mbali atume hela ya nepi na nauli. Najua ni ngumu, watu wana kazi na foleni ya Dar mnaijua, lakini nyie mna kumbukumbu za kuwabeba na yeye hana.

Wenzetu Uingereza na Marekani wana nyumba maalum za kutunza watu wenye kupoteza kumbukumbu, na baadhi ya wazee wakitoka hospitali wanaenda moja kwa moja kule. Ukiangalia wanachofanya mle sio maajabu, ni sura zile zile kila siku, saa ya chai haibadiliki, mlango wa kutokea haufunguki kirahisi, choo kinaonekana kutoka kitandani, kelele chache. Hapa kwetu makazi ya wazee ya serikali kama yale ya Nunge kule Kigamboni yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza, kwa hiyo kwa familia nyingi chumba cha uani Tabata au Temeke ndo kinageuka kuwa hiyo nyumba maalum, na mengi ya hayo niliyotaja yanawezekana hapo.

Ila kabla hamjapanga chochote, muulizeni daktari swali hili: kuchanganyikiwa huku kumeanza lini? Demensia inakuja taratibu, miezi na miaka. Mzee ambaye wiki iliyopita alikuwa anahesabu chenji yake vizuri sokoni alafu ghafla ndani ya siku mbili haijui sura ya mwanae, saa hii yuko sawa baada ya saa moja anaona watu ukutani, huyo mara nyingi ana kitu kingine juu yake, maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji, choo kigumu cha siku nyingi, maumivu, dawa, au damu imevujia kichwani baada ya kuanguka. Hivyo vinatibika, na hata aliye na demensia anaweza kupata hayo juu yake. Akili inaweza kuchukua wiki kadhaa kutulia baada ya tiba, kwa hiyo msikimbilie kuuza vitu vyake na kufunga nyumba yake kwa sababu ya hali mliyoiona wodini. Na daktari hawezi kujua zamani alikuwaje, mnaojua ni nyie, semeni wenyewe hata kama hamjaulizwa.

Pale wodini siku mbili tatu kabla ya kuruhusiwa, yule atakayelala nae aje ashinde pale, sio yule mwenye gari wala yule anayelipa bili. Muombe sista akuonyeshe kwa mikono yako jinsi ya kumgeuza, maana asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya masaa mawili hivi, la sivyo vidonda vya mgongoni vinaanza. Akuonyeshe kumlisha pia. Mzee akae wima, kijiko kidogo, ameze kwanza ndo uongeze, na asilale kama nusu saa baada ya kula. Uji ukishushwa kooni huku amelala unaweza kuingia kwenye mapafu, hapo nimonia inafuata. Kama kawekewa mpira wa mkojo ulizeni ni wa nini na unatolewa lini, mpira uliosahaulika ni mlango wa maambukizi.

Na dawa. Kusanyeni zote, za presha, za sukari, za duka la dawa la mtaani, hata zile za kienyeji, tieni kwenye mfuko mmoja mpelekee daktari azione, akiandika orodha mpya zile zingine ziondoke kabisa ndani ya nyumba. Piritoni watu wanampa mzee ili alale, lakini hiyo inazidisha kuchanganyikiwa. Za kumtuliza kama haloperidol kwa wazee wenye demensia zinaongeza hatari ya kiharusi na hata kifo, kuna wakati zinahitajika kweli ila ni kwa dozi ndogo, muda mfupi, kwa sababu inayoeleweka, kwa hiyo mkipewa ulizeni mnaacha lini.

Nyumbani, jioni ndo kazi yenyewe. Jua likizama wengi wanabadilika, anataka kutoka, anasema nipelekeni kwetu hata kama yuko kwao. Usibishane nae, ukimwambia mama hapa ndo kwako unamtia hasira tu. Muulize kwetu kukoje, nani yupo, kaa nae, mpe chai, washa taa kabla giza halijaingia na uwe na taa ya kuchaji maana umeme ukikatika saa hiyo hofu inapanda mara mbili. Jiko la mkaa na gesi viwe mbali na mikono yake. Sakafu ya choo ikauke, fungeni kitu imara cha kushika.

Kutoka nyumbani na kupotea ni jambo linalotokea, msilionee aibu. Mjumbe ajue, mama wa genge ajue, vijana wa bodaboda pale kijiweni waonyesheni sura yake na muwape namba. Shona namba ya simu kwenye ukosi wa shati au pindo la kanga, sio kwenye karatasi mfukoni. Familia zinazoficha mgonjwa ndo zinazomtafuta usiku kucha peke yao. Na kuficha kwenyewe kunatokana na maneno, mara karogwa, mara bibi ndo mchawi kwa sababu anaongea peke yake usiku. Ni ugonjwa wa ubongo. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kama asilimia 6 ya watu wa miaka 70 na kuendelea wanao, na kuna wazee wamepigwa na kufukuzwa kwa ajili ya dalili za ugonjwa.

Nyingine haisemwi sana. Mzee asiyekumbuka leo ni siku gani asiwekewe karatasi za kiwanja aweke dole gumba. Nimeona wino wa bluu kwenye kidole cha babu aliyekuwa hajui yuko hospitali. Kama kuna mambo ya mali nendeni ustawi wa jamii au kwa mwanasheria ndugu wote wakijua, na yule atakayejaribu kinyemela familia imzuie.

Mlezi mkuu naye apate usiku wa kulala, angalau mara kadhaa kwa wiki mtu mwingine ashike zamu. Dada wa kazi mwenye miaka 17 asiachiwe mzee peke yake, na watoto wa kiume mnaweza kumuogesha baba yenu.

Mrudisheni hospitali haraka bila kusubiri tarehe ya kliniki mkiona amelala mno kuliko kawaida, kachanganyikiwa ghafla zaidi ya jana, hali wala hanywi, ana homa, anapumua kwa shida, ameanguka na kupiga kichwa, au upande mmoja wa mwili umelegea. Mje na ile orodha ya dawa, na aje yule anayelala nae.