Kwanini uvuvi unafungwa kabla mto haujajaa

Tangu tangazo la kufunga uvuvi litoke simu haziishi hapa ofisi ya uvuvi, nusu wanasema mbona mnafunga na maji hayajapanda, nusu wanasema mbona mnafunga wakati samaki ndio wapo. Tunawaelewa, kipato kinasimama. Ila hii ya "mvua ikinyesha ndo samaki anapata mayai" jamani tuiache, tumeisema kila msimu.

Mayai anakuwa nayo tayari. Jike la kambale anayajenga tumboni muda mrefu kabla, kwa chakula alichokula na joto la maji, na kwa samaki wa nchi za baridi urefu wa mchana ndio unaotawala, mchana ukibadilika ubongo unaishtua tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo, tezi inamwaga homoni, mayai yanakua. Akishafika hapo anasubiri. Anasubiri maji yapande, maji mapya ya mvua yasiyo na chumvichumvi nyingi, na usiku baada ya mvua kubwa kambale wanaingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ya kina kifupi wanataga humo, mayai yananata kwenye majani, na maji yakiwa nyuzi 25 hadi 28 yanaanguliwa ndani ya siku moja na kitu tu. Lazima iwe haraka, maji ya pale hayakai. Wafugaji wanalijua hili, kambale wa bwawani anajaa mayai vizuri kabisa lakini kwa kawaida hatagi mpaka apigwe sindano ya homoni, maana bwawani mto haupandi. Asiposhtuliwa mayai yanafyonzwa mwilini na msimu umeenda.

Wengine wako kinyume, trauti wa kahawia, samaki wa maji baridi, anataga mchana unapofupika na maji yanapoa, anayafukia kwenye changarawe. Ndo maana hakuna tarehe moja ya mito yote, msilinganishe tangazo letu na la mto mwingine.

Sasa kwanini kabla? Kwa sababu jike mzito anaanza safari na maji ya kwanza kabisa, hasubiri mto ufurike, na wote wanapita mdomo ule ule wa kijito. Unapoona samaki kibao pale hawajaongezeka, wamekusanyika. Kambale wa kilo 1 ana makumi elfu ya mayai, ukimtoa yeye siku ile umetoa na hayo.

Utaratibu ni huu. Afisa akikukuta na nyavu majini kipindi cha kufunga, nyavu zinashikiliwa na kuandikwa kwenye fomu moja moja, aina, urefu, ukubwa wa matundu, samaki wanapimwa hata wakiwa wawili, halafu unasaini na kupewa nakala. Kusaini sio kukiri kosa, unathibitisha idadi. Itunze hiyo nakala, bila yenyewe hata kesi ikiisha vizuri hurudishiwi kitu. Kosa la kwanza ni faini, la pili linagusa leseni. Na aliyeweka uzio kuziba kijito kizima halipi sawa na mwenye nyavu moja, msije kulalamika kwamba tunapendelea, uzio hauachi hata mmoja apite.

Ila sio wavuvi peke yao. Shamba likilimwa mpaka ukingoni tope linaziba changarawe, mayai yanakosa oksijeni yanakufa. Maji yanayotolewa chini kabisa ya bwawa kubwa yanaweza kuwa ya baridi sana na kuchelewesha utagaji mbali huko chini. Na geti la bwawa likifunguliwa leo likafungwa kesho, samaki wanadhani mafuriko yamekuja, wanataga kwenye nyasi, asubuhi maji yameshuka na mayai yako juani. Hili linatuuma sana kwa sababu samaki hakukosea chochote. Kwa hiyo ukiona mto umepanda ghafla na mvua hakuna, tupigie na utuambie ilikuwa saa ngapi na sehemu gani, ile saa ndiyo tunayoenda nayo kuangalia daftari la geti.