JKT: mujibu wa sheria, kujitolea, na kinachofanyika kambini

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, likapewa kazi tatu ambazo halijaziacha hadi leo: malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi. Lisichanganywe na JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), jeshi la ulinzi lililozinduliwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo. Uhusiano upo, tena wa karibu. Mkuu wa JKT ni ofisa wa JWTZ, wakufunzi wengi ni askari wa JWTZ, na vyote viwili viko chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Ila kijana aliyeko mafunzoni JKT hajaajiriwa jeshini. Analelewa na kufunzwa, na muda wake ukiisha anarudi uraiani. Zanzibar nako kuna JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, ambacho ni chombo kingine kabisa chini ya Serikali ya Mapinduzi.

Kambi za JKT huitwa vikosi, na kila kikosi kina namba inayofuatiwa na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Ruvu mkoani Pwani ni 832 KJ, Makutupora ya Dodoma ni 834, Mafinga ya Iringa ni 841, Mlale ya Ruvuma ni 842. Ndani ya kikosi vijana hugawanywa kwenye kombania, kombania kwenye platuni, platuni kwenye seksheni. Kwa kuruta, yaani kijana aliye mafunzoni, ngazi muhimu kuliko zote ni platuni: humo ndimo anamolala, anamohesabiwa asubuhi na jioni, na anamoadhibiwa pamoja na wenzake mmoja wao akichelewa foleni.

Kuna njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni mujibu wa sheria, yaani kwa lazima ya kisheria, inayowahusu hasa wahitimu wa kidato cha sita. Majina hutangazwa pamoja na kambi ambayo kila mmoja amepangiwa, na mafunzo huchukua takriban miezi mitatu kabla ya vyuo kufunguliwa. Utaratibu huu una historia yenye kelele. Mwaka 1966, serikali ilipotaka wasomi watumikie na kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi hicho, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam mwezi Oktoba. Mwalimu Nyerere aliwafukuza mamia yao, kisha akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mpango ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, wabunge kadhaa vijana wakiwa miongoni mwa waliokwenda kambini mwaka huo.

Njia ya pili ni kujitolea. Hapa kijana anaomba mwenyewe, kwa kawaida kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya anakoishi, anasailiwa, anapimwa afya, na akichaguliwa anatumikia miaka miwili kwa posho ndogo, si mshahara. Huanza na mafunzo ya awali ya kijeshi, kisha stadi za kazi kama kilimo, ufugaji, ujenzi au ushonaji. Uzalishaji mali unaonekana zaidi kupitia SUMAJKT, shirika lililoundwa mwaka 1981 na linalofanya ujenzi, kilimo, viwanda na ulinzi wa kibiashara. Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani, uliokamilika mwaka 2018, ulijengwa kwa nguvu za vijana wa JKT pamoja na askari wa JWTZ.

Mafunzo ya awali hujumuisha kwata (mazoezi ya gwaride), utimamu wa mwili, matumizi ya silaha ndogo, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza na elimu ya uraia. Kwata ndiyo inayokula saa nyingi zaidi, na wengi huidharau mpaka waifanye. Kwenye mguu sawa, visigino hugusana na vidole vya miguu hufunguka kidogo, mikono hunyooka ubavuni, ngumi zimefungwa, dole gumba likielekea mbele kwenye mshono wa suruali. Kosa maarufu hutokea kwenye mbele tembea: mkono wa kulia unakwenda pamoja na mguu wa kulia. Sababu yake ni kuufikiria mno mkono. Kuruta akiambiwa atembee kawaida huku akihesabu hatua kwa sauti, mikono hujirekebisha yenyewe. Kwenye shabaha tatizo ni jingine. Asiyezoea mlio huvuta kifyatulio kwa mshtuko kabla bunduki haijatulia, mdomo wa bunduki unashuka, risasi inapiga chini ya alama. Dawa ni kutuliza pumzi na kukibana kifyatulio polepole.

Wanaoumia siku za mwanzo mara nyingi huponzwa na viatu. Raba mpya huleta malengelenge, na lengelenge lililopasuka likaingia uchafu linaweza kukutoa kwenye mazoezi kwa siku nyingi. Zivae nyumbani wiki kadhaa kabla, huku ukikimbia taratibu kila asubuhi ili mifupa ya miguu izoee. Mwenye pumu, selimundu au tatizo la moyo aseme siku ya kupimwa. Kuficha ugonjwa ili usirudishwe ni hatari kubwa kuliko kurudishwa.

Vifaa husomwa kwenye tangazo la mwaka husika, lakini orodha ya mujibu wa sheria haibadiliki sana: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu na inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na nguo za baridi kwa waliopangwa mikoa ya baridi. Wengi hununua bukta fupi ya mpira wa miguu, wakifika wanalazimika kutafuta nyingine. Wenye ulemavu wa kuonekana hupangiwa Ruvu kwa sababu ndiko kwenye miundombinu yao.

Suala la ajira ndilo linalowavuruga watu. Matangazo ya JKT husema wazi kwamba halitoi ajira. Ni kweli kwamba majeshi na vyombo vingine vya ulinzi na usalama, vinapoajiri, mara nyingi huangalia kwanza waliopitia JKT, hivyo cheti kitunzwe. Lakini nafasi hutangazwa na chombo chenyewe, na mchujo wake ni mwingine. Nafasi ya kujitolea pia haiuzwi. Anayeomba pesa ili jina liingie kwenye orodha ni tapeli, hata kama amevaa kombati.